Sekunde Arobaini za Uchunguzi wa Tatu

Jumatatu, 7 Julai

Umeme umerudi saa nne asubuhi. Nimefungua barua pepe, hakuna kitu. Wiki ya sita tangu tutume makala jaridani. Nimefua, nimechambua maharage, nimefungua tena. Hakuna.

Saba Saba leo. Ofisi zimefungwa lakini malori hayajui sikukuu. Foleni ya mpakani imefika mpaka hapa Mpemba, mbele ya lango letu. Baba ametoa kiti nje anasalimiana na madereva. Aliendesha lori miaka mingi kabla magoti hayajamkataa, na bado anawaona wote kama wenzake. Nimemsikia akimwambia dereva mmoja wa Zambia: "Muli shani, bwana. Binti yangu yuko humo ndani. Ndiye aliyegundua shimo jeusi." Dereva alidhani ni shimo la barabarani, akauliza liko upande gani. Baba hakucheka. Akaanza kumweleza kuhusu nyota. Alieleza vibaya, lakini kwa furaha kubwa.

Nikaingia ndani.

Jumanne, 8 Julai

Ijumaa ya wiki ijayo nitazungumza na wanafunzi Vwawa, shule niliyosoma. Tusekile ndiye aliyenialika. Anafundisha fizikia pale. Tulikaa dawati moja chuo kikuu miaka mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuna mtihani niliompita. Baada ya shahada yeye akaajiriwa, akaolewa, akabaki. Mimi nikaenda kusini, nje ya nchi, kusoma zaidi.

Nijaribu kuandika hapa kwa maneno mepesi, nione kama watanielewa.

Kuna nyota mbili zinazozungukana. Moja ni ya kawaida, kama jua. Nyingine ilishakufa. Ile iliyokufa ni ndogo lakini nzito ajabu, na inaivuta gesi ya mwenzake. Gesi inapoanguka inazunguka kwanza, inachemka, inapata joto kali mpaka inatoa eksirei. Zile zile za hospitali. Hewa yetu inazizuia, kwa hiyo tunatumia darubini iliyorushwa angani.

Sasa swali ni moja. Ile iliyokufa ni nini? Kuna majibu mawili: nyota ya nyutroni, au shimo jeusi. Nyota ya nyutroni ina uso. Gesi ikitua juu yake inajirundika, inashindiliwa, mwisho inalipuka. Mwanga unaruka ghafla, kisha unapoa taratibu, chini ya dakika moja umekwisha. Shimo jeusi halina uso. Gesi haina pa kujirundika. Kwa hiyo ukiona mlipuko hata mmoja tu wa aina hiyo, kesi imekwisha. Si shimo jeusi.

Darubini iliitazama nyota yangu mara kumi na moja. Makala yangu inasema hakuna mlipuko. Rangi ya mwanga inafanana na ya mashimo meusi. Kwa hiyo, yaelekea ni shimo jeusi.

Imeeleweka vizuri. Watanielewa.

Alhamisi, 10 Julai

Jibu la jarida limekuja. Mhakiki wa kwanza kaipenda. Mhakiki wa pili kaipenda pia, ana maswali matano. Manne ni ya kawaida. La tano ni mstari mmoja: katika uchunguzi wa tatu, sekunde mia nne za mwisho zimeondolewa. Tafadhali elezeni kwa nini.

Nimefunga kompyuta, nikaenda kuteka maji ingawa ndoo zilikuwa zimejaa.

Profesa, msimamizi wangu, kapiga simu mchana. Amefurahi. Amesema mstari wa tano ni jambo dogo. "Andika sentensi mbili, eleza ni kelele za chembe, tupeleke kabla ya mwisho wa mwezi."

Ni kweli darubini ikipita sehemu fulani juu ya dunia hupigwa na chembe, na data inachafuka. Ni kweli ilikuwa inakaribia sehemu hiyo. Watu wote hukata vipande vya namna hiyo. Si uongo.

Jumapili, 13 Julai

Tusekile amekuja kututembelea kutoka Vwawa na parachichi na chupa ya asali. Kampigia Baba goti, Baba kamwita "mwanangu Mwalimu". Tumekula ugali na dagaa. Amepungua. Mikono yake imekauka kwa baridi na chaki.

Hakuuliza habari za makala. Alizungumza habari za wanafunzi wake, jinsi walivyochora shimo jeusi kwenye karatasi kubwa na kulibandika maabara. Wamenunua rangi wenyewe. Alipokuwa anaondoka, getini, akasema kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Ile makala, uliniweka mahali popote?"

Nikamwambia jarida lina masharti magumu ya majina.

Akasema, "Aa, sawa. Niliuliza tu."

Hakuna masharti kama hayo. Profesa mwenyewe aliniambia nimshukuru mtu yeyote aliyenisaidia. Mistari miwili mwishoni mwa makala. Sikuandika.

Naona aibu.

Jumanne, 15 Julai

Nimejaribu kuandika zile sentensi mbili za mhakiki. Nimeandika, nimefuta. Nimeandika, nimefuta.

Acha niandike ukweli hapa, maana hakuna anayesoma.

Desemba nilikuwa nyumbani. Nilimpa Tusekile michoro ya mwanga ya chunguzi zote kumi na moja. Nilitaka jicho la pili, na sijui jicho zuri kuliko lake. Aliichapa shuleni. Aliipitia kwa rula na penseli, jioni baada ya vipindi, miezi minne. Hakuna aliyemtuma. Aprili akanitumia picha. Alikuwa amezungushia penseli mahali pamoja, uchunguzi wa tatu, karibu na mwisho. Akaandika: "Hapa kuna kitu. Kinapanda ghafla, kinashuka taratibu, kama sekunde arobaini. Huu si mlipuko?"

Nilimjibu baada ya dakika mbili. "Hizo ni kelele za chembe tu, dada. Usijali."

Sikuwa nimefungua faili. Dakika mbili hazitoshi hata kulifungua.

Jumatano, 16 Julai

Hapana. Jana nimeandika nusu.

Nilifungua faili. Si siku ile, ni siku tatu baadaye. Nilikuwa peke yangu ofisini, kusini. Nilichora kile kipande. Niliona umbo lake. Panda ghafla, shuka taratibu. Sikuendelea kuchunguza. Nilifunga dirisha lile, nikaandika amri ya kukata sekunde mia nne za mwisho, nikaenda kunywa chai.

Nyota za nyutroni zinazolipuka zinajulikana nyingi. Ukipata moja zaidi, watu wanasema vizuri, wanaendelea na kazi zao. Shimo jeusi jipya ni jambo jingine. Nilikuwa nimeshamwambia Profesa. Nilikuwa nimeshamwambia Baba. Baba alikuwa ameshaiambia barabara nzima mpaka Zambia.

Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Ijumaa, 18 Julai

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika.

Ukumbi ulijaa. Mkuu wa shule, walimu, kidato cha tano na sita wote. Baridi kali, wanafunzi wamevaa masweta, lakini hakuna aliyesinzia. Tusekile akanitambulisha. Alisema mimi ni mfano kwamba mtoto wa dereva wa Mpemba anaweza kuuliza maswali makubwa. Alisema nilikuwa mvumilivu na mkweli. Alilitamka hilo neno. Sidhani alikuwa ananichoma. Alimaanisha.

Nilieleza vizuri. Walielewa. Walicheka pale nilipowaambia kwamba watu wa kwetu wakisikia habari za angani wanakumbuka kile kimondo cha Mbozi tu. Kisha maswali. Msichana mmoja wa kidato cha tano akasimama, mrefu, mwembamba, sauti ndogo. Akauliza: "Samahani, dada. Mnajuaje kwamba si ile nyingine, nyota ya nyutroni? Labda ilishalipuka na ninyi hamkuiona?"

Swali zuri kuliko maswali yote ya wahakiki.

Tusekile alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Alikuwa ananitazama. Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema: kuna kitu mwalimu wenu aliona, bado hatujakichunguza. Sentensi moja.

Nilisema: "Tumeangalia data yote. Hakuna mlipuko hata mmoja."

Tusekile akainamisha kichwa. Akaanza kukunja ukingo wa kitenge chake, akakunja, akakunjua. Hakuniangalia tena. Wanafunzi wakapiga makofi. Msichana akasema asante, akakaa, akaandika jibu langu kwenye daftari lake.

Ameliandika.

Tusekile alinisindikiza mpaka barabarani kwa sababu ndiyo adabu. Tuliongea habari za baridi. Gari likaja. Akanipungia mkono.

Jumapili, 20 Julai

Baba kasimama kanisani kutoa shukrani. Sikujua kama alipanga. Ameeleza kila kitu, amelia kidogo, kwaya ikaimba. Mchungaji akaniita mbele waniombee. Wazee wakanishika kichwa na mabega. Mikono mingi, mizito.

Nilipiga magoti kwa aibu. Walidhani ni Roho.

Tusekile hapokei simu. Nimempigia mara mbili.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeamka nikaamua kufanya kazi ya saa mbili ambayo nilipaswa kuifanya Aprili.

Kelele za chembe hupiga kila mahali kwenye kamera ya darubini. Kama ni kelele, picha yote ingewaka. Nimetengeneza picha ya zile sekunde arobaini peke yake. Giza kila mahali. Nukta moja imewaka, nyota yangu.

Kisha nikaangalia rangi. Mlipuko wa kweli huanza na joto kali halafu hupoa. Nimegawa sekunde arobaini vipande vitano, nikapima kila kimoja. Joto linashuka kipande kwa kipande, bila kuruka hata kimoja.

Ni mlipuko. Gesi imetua juu ya uso, imelipuka, imepoa. Mahali palepale Tusekile alipozungushia penseli.

Si shimo jeusi. Ni nyota ya nyutroni. Haikuwahi kuwa shimo jeusi hata siku moja, isipokuwa mdomoni mwangu.

Nilitegemea nitaumia. Niliona aibu zaidi kwa sababu ilikuwa rahisi hivi. Saa mbili. Bando la siku moja.

Jumanne, 22 Julai

Nimemwandikia Profesa. Barua ya kwanza ilisema "nimegundua kasoro". Nimeifuta. Ya pili ilisema "kipande hicho kiliondolewa kimakosa". Nimeifuta. Ya tatu: niliona umbo la mlipuko mwezi Aprili, nikalikata kwa makusudi bila kulichunguza, na aliyelionyesha ni mwalimu wa sekondari ambaye sikumtaja.

Nimeituma saa tano asubuhi. Baada ya hapo nimemenya viazi vya watu kumi. Tuko wawili tu.

Alhamisi, 24 Julai

Profesa kapiga simu. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Aliuliza swali moja: "Ulijua?"

Nikasema niliona, nikakataa kujua.

Akasema anaiondoa makala jaridani leo hii. Jina lake limo, amefanya kazi hii miaka thelathini. Akasema kamati ya chuo itaarifiwa, ni lazima, na hawezi kuniahidi kwamba nitaendelea. Akasema, "Mtu akikosea hesabu namfundisha. Hili sijui nalifanyaje." Kisha akaniuliza jina la huyo mwalimu, herufi kwa herufi, akaliandika.

Sijamwambia Baba. Ameniuliza mbona sili.

Jumamosi, 26 Julai

Nimekwenda kijiji cha Ruanda. Jirani wa Tusekile aliniambia wikiendi zote huwa huko shambani kwa mama mkwe wake, msimu wa kahawa. Nilimkuta kati ya mistari, ndoo imefungwa kiunoni kwa kamba, anachuma. Mama mkwe alikuwa upande wa pili kwenye mashine ya kumenya. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa ndoo bila kuuliza kitu. Huko mgeni hasimami bure.

Tulichuma mstari mzima kimya. Mimi nachuma mbivu na mbichi pamoja. Tusekile akawa anatoa zile mbichi kwenye ndoo yangu na kuzitupa chini.

Nikamwambia. Nilitaka kuanza mbali, nikashindwa, nikaanza na la mwisho: "Ni mlipuko. Ulikuwa sahihi. Niliona Aprili hiyo hiyo nikaukata. Na hakuna masharti ya majina. Nilikuacha kwa sababu ningekushukuru ningelazimika kusema ulichoniambia."

Akaendelea kuchuma. Akafika mwisho wa tawi.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Ulivyojibu haraka. Wewe hujawahi kujibu swali la fizikia kwa dakika mbili. Tangu chuo." Akahamia mti mwingine. "Nikasema ngoja, ataniambia mwenyewe. Nikangoja Aprili, Mei, Juni. Ukaja Julai, nikasema sasa ataniambia. Nikaleta na parachichi."

Nikachuma mbichi nyingine, nikaitupa mwenyewe.

"Mimi si jina lililoniuma," akasema. "Jina nimeishi bila. Yule mtoto alikuuliza swali la kweli mbele yangu, ukamdanganya. Mimi ndiye niliyemfundisha kuuliza hivyo. Jumatatu aliingia darasani akaniambia, Madam, kumbe kisayansi walishahakikisha. Nikamwambia ndiyo. Umenifanya na mimi nidanganye."

Nikaomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe. Sikumwomba aseme.

Nikamwambia kwamba Profesa ameuliza jina lake, kwamba makala mpya itaandikwa, na jina lake liwe la kwanza. Akatikisa kichwa. "Nitumie data kwanza. Yote, na hiyo uliyoikata. Siweki jina langu kwenye kitu sijakikagua."

Kisha: "Na wale watoto utawaambia wewe. Mimi sitakusemea."

Tulipeleka ndoo kwenye mashine. Mama mkwe akanipa chai na viazi vitamu. Akamwambia Tusekile kwa Kinyiha kitu kilichomfanya atabasamu kidogo. Sikuuliza ni nini. Sikustahili kuuliza.

Jumatatu, 28 Julai

Nimerudi shuleni. Si ukumbini. Tusekile alinipa kipindi chake cha pili, maabara, kidato cha tano. Mchoro wao wa shimo jeusi uko ukutani, mkubwa, rangi ya zambarau na nyeusi. Wameandika jina langu chini yake.

Nimesimama mbele. Nimesema: siku kumi zilizopita niliulizwa kama tuliwahi kuona mlipuko. Nilisema hapana. Nilidanganya. Nikawachorea ubaoni zile sekunde arobaini. Panda ghafla, shuka taratibu. Nikawaambia nani aliuona kwanza, kwa rula na penseli, na nani aliukata.

Nilitegemea minong'ono, haikuwepo. Ingekuwa rahisi zaidi.

Msichana yule alikuwa dirishani. Jina lake Zawadi, leo nimeliuliza. Hakunyoosha mkono. Alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa, akapiga mstari juu ya jibu langu kwa rula. Akaandika jingine chini. Kisha akauliza, bila kusimama: "Kwa nini ulifanya hivyo?"

Nikasema nilishawaambia watu ni shimo jeusi, nikaogopa kuwaambia si shimo jeusi.

Akafikiri. "Sasa hivi umetuambia."

"Ndiyo."

"Umeogopa?"

"Sana."

Akaandika na hilo. Sijui kwa nini.

Kijana mmoja wa nyuma akauliza kama watoe mchoro ukutani. Tusekile akasema uache, ni mchoro mzuri wa shimo jeusi. Wafute jina langu tu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema fungueni ukurasa wa tisini.

Walilifuta kabla sijatoka.

Jumatano, 30 Julai

Nimemwambia Baba. Nilimwambia nje, amekaa kwenye kiti chake, malori yanapita. Nilimwambia yote, mpaka ya kanisani.

Lori moja likampigia honi, hakuinua mkono. Sijawahi kuona hilo.

Akauliza, "Watakufukuza?"

"Sijui, Baba. Huenda."

"Na Mwalimu? Anasemaje?"

"Hajanisamehe."

"Ana haki." Akasugua magoti. "Mimi nimewaambia watu wengi, mama. Wengi mno. Sasa naanzia wapi kuwarudia?"

Hilo ndilo lililoniliza. Hakunigombeza. Alikuwa anahesabu kichwani madereva, nani anapita siku gani, amwambie.

Tulikaa. Baadaye akauliza, "Kwa hiyo hicho kitu ni nini, kama si shimo?"

Nikamwambia ni nyota iliyokufa, imejikunja ikawa ndogo.

"Ndogo kiasi gani?"

"Ukiiweka hapa Mpemba, haifiki Vwawa."

Akatazama barabara upande wa Vwawa. "Na uzito?"

"Kushinda jua."

Akaguna. "Kitu cha kutoka hapa hadi karibu na Vwawa, kizito kushinda jua, na bado kinalipuka." Akanigeukia. "Na hiyo haikukutosha?"

Nikamsaidia kuingiza kiti ndani.

Jumapili, 3 Agosti

Baba alisimama kanisani bila kuniambia. Alisema: wiki mbili zilizopita nilitoa shukrani kwa jambo ambalo si kweli. Binti yangu alikosea, amekiri. Naomba mtuombee. Akakaa. Dakika moja haikufika.

Watu walitusalimia nje kama kawaida, ila hawakukaa kuongea. Mama mmoja wa kwaya alinishika mkono kidogo akaachia. Nilitembea nyuma ya Baba mpaka nyumbani, nikaangalia visigino vyake. Viatu vile vimeisha upande mmoja.

Jumatano, 6 Agosti

Barua ya kamati imefika. Sijafukuzwa. Nimepewa onyo la maandishi, litabaki kwenye faili langu. Ufadhili umesimamishwa mwaka mmoja, nitarudishiwa nikishakaguliwa kazi zangu zote za nyuma, moja baada ya moja. Profesa ataendelea kunisimamia lakini kila data nitakayogusa itapitiwa na mtu wa pili. Ameandika chini, kwa mkono wake: mtu wa pili awe yule mwalimu, akikubali.

Nimesoma mara tatu. Nimefarijika, kisha nikaona aibu kwa kufarijika.

Ijumaa, 8 Agosti

Tusekile amekubali. Ujumbe wake: "Nitafanya. Kwa ajili ya nyota, si kwa ajili yako."

Nimemtumia kila kitu. Chunguzi kumi na moja, nzima, bila kukatwa. Mtandao ulikatika mara nne, ikachukua tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Nilikaa hapo hapo mpaka faili la mwisho likaingia.

Alhamisi, 14 Agosti

Baridi imepungua kidogo. Baba amekwenda kliniki ya magoti, karudi na dawa ya kupaka.

Nimeandika upya sehemu ya kwanza ya makala. Ukurasa mmoja na nusu. Neno "yaelekea" nimelitumia mara moja tu, mahali panapostahili. Nimeituma kwa Tusekile saa nne.

Saa nane aliirudisha. Hakuna salamu. Kaandika: "Ukurasa wa kwanza, joto la kipande cha tatu umelipunguza. Mimi nimepata zaidi. Nimepima mara mbili. Pima tena."

Nimepima tena. Yuko sahihi.

Nimerekebisha.